Igowole na Mitindo ya Mwili: Kutoka Mchakamchaka Hadi Chai ya Kupunguza Tumbo

Ukiiacha barabara kuu ya Tanzania–Zambia pale Nyololo na kushika njia ya Kibao na Mgololo, si mwendo mrefu kufika Igowole. Ni mji mdogo wa biashara wilayani Mufindi, mkoani Iringa, unaoishi kwa mahindi, viazi, mbao na chai. Juni na Julai baridi yake hupenya koti, na ukungu hulala juu ya mashamba mpaka jua lipande.

Wanaoandika historia ya mitindo ya mlo na mazoezi huanzia mbali na hapa. Humtaja William Banting, mfanyabiashara wa mazishi wa London, aliyechapisha kijitabu mwaka 1863 akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, viazi na sukari. Humtaja daktari Robert Atkins wa Marekani, aliyetoa kitabu chake cha kupunguza vyakula vya wanga mwaka 1972. Hawamsahau Jane Fonda, mwigizaji ambaye video yake ya mazoezi ya mwaka 1982 ilienea majumbani kote Marekani. Igowole haitajwi. Hata hivyo nayo imepitiwa na mitindo ya mwili, muongo baada ya muongo: mingine ililetwa na serikali, mingine na redio, mingine na wauza dawa, mingine na simu. Ipo iliyotuachia afya, na ipo iliyotuachia chupa tupu. Kwa kuwa waliokuwa vijana wakati wa Azimio la Arusha sasa ni wazee, ni vema historia hii isimuliwe wakati bado wapo wa kutusahihisha.

Enzi ya jembe na kinu

Kwa mkulima wa Mufindi wa miaka ya 1950 na 1960, siku nzima ilikuwa mazoezi. Maji yalichotwa bondeni na kupandishwa mlimani kichwani. Kuni zilibebwa. Shamba lililimwa kwa jembe la mkono, na likiwa kubwa watu waliitana, wakalima pamoja, jioni wakanywa pombe ya mwenye shamba. Aliyetaka kwenda hospitali, mnadani au kwa ndugu alitembea. Aliyepata kibarua kwenye mashamba ya chai alishinda kutwa amesimama, kikapu mgongoni, akipanda na kushuka miteremko.

Chakula kilikuwa ugali wa mahindi au wa ulezi, maharage, majani ya maboga, njegere na viazi. Mvua zikinyesha, mianzi iligemwa ulanzi. Ukiwa bado mtamu, yaani mtogwa, hata watoto walionjeshwa. Ukishakuwa mkangafu, ulikuwa wa watu wazima.

Unga mweupe haukuja na mashine. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa nao zamani, ila ulipatikana kwa jasho. Mahindi yalitiwa kwenye kinu na kutwangwa mpaka ganda litoke, yakapepetwa, kisha yakalowekwa majini kwa siku kadhaa. Yalipotolewa yalikuwa yamelainika na yana harufu ya uchachu. Yalioshwa, yakatwangwa tena, na unga ukaanikwa kwenye jamvi au juu ya mwamba ulioshika joto la jua, mpaka ukawa mweupe na mkavu. Ugali wake ulikuwa laini, wa kumpikia mgeni wa heshima. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kubwa, kiini na pumba vilipotea kwa kipimo cha nguvu za mikono ya mama. Mashine za kukoboa zilipofika vijijini zikaondoa kipimo hicho, na unga mweupe ukawa wa kila siku.

Taifa linatembea, taifa linakimbia

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, nchi nzima iliingia barabarani. Vijana walitembea mamia ya kilomita kuunga mkono. Mmoja wao, Seth Benjamin, alifia njiani, akabaki kuwa jina la kukumbukwa. Oktoba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Hakuna aliyeita matembezi hayo mazoezi ya kupunguza uzito, lakini yaliwajengea Watanzania picha mpya: kiongozi anayetembea na kijana mkakamavu ndio walioonekana kuwa mfano.

Picha hiyo ilikuwa na kambi yake karibu nasi. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963, na baadaye wahitimu wa sekondari na vyuo wakalazimika kulipitia kwa mujibu wa sheria. Mafinga, makao makuu ya wilaya yetu, ilikuwa na kambi ya JKT iliyofahamika nchi nzima. Kruta aliyetoka pwani akafika Mafinga mwezi Julai hakuhitaji kuhadithiwa baridi. Aliamshwa kabla ya alfajiri, akakimbizwa barabarani huku akiimba, akarudi kwenye uji na ugali wa dona, yaani wa unga usiokobolewa. Waliopita pale, mawaziri na makarani, walimu na waganga, walitoka na mapafu mapana na nyimbo za mchakamchaka ambazo hawakuzisahau.

Mchakamchaka ukashuka shuleni. Baada ya elimu ya msingi kwa wote kutiliwa mkazo mwaka 1977, madarasa yalijaa, na kila asubuhi kabla ya usafi na paredi wanafunzi walipangwa mistari. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya 1980 tunaujua mpangilio ule. Kiranja mwenye sauti alikaa katikati au pembeni, akaanzisha wimbo. Mstari wa mbele ukashika mwendo. Vumbi au tope likatimka kufuatana na msimu. Wengi tulikuwa pekupeku, na nyasi za kando ya njia zilikuwa na umande wa barafu uliouma nyayo. Hatua kumi za mwanzo zilikuwa mateso. Tukifika mteremko wa pili damu ilikuwa imechemka, na tuliporudi uwanjani moshi ulikuwa ukitoka vinywani na vichwani. Mtoto mnene alikimbia, mwembamba alikimbia, wa mwalimu na wa mkulima walikimbia pamoja. Haikuhitaji viatu, ada wala kifaa.

Nje ya shule mashujaa wa mbio walikuwa wetu. Februari 2, 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 kutoka mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Mwaka 1978 Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada. Mwaka 1980 kule Moscow, Bayi na Suleiman Nyambui walirudi na medali za fedha za Olimpiki. Mtoto aliyesikia majina hayo redioni aliamini kuwa njia ya kutoka kwao kwenda shule nayo inaweza kumfikisha mbali.

Redio inafundisha kula

Mwaka 1973 ulileta kampeni ambayo hadi leo haijapata mwenzake: Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilishirikiana na wizara, chama na Redio Tanzania kuunda vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni mbili wakashiriki. Kikundi kilikaa kuzunguka redio moja, kikasikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kisha kikajadili malaria, minyoo, kuhara na maji machafu. Mwisho wa mjadala lilifuata swali: kesho tunafanya nini? Jibu mara nyingi lilikuwa kuchimba choo, kufyeka nyasi au kulinda chemchemi, na kazi hiyo ilifanywa kweli.

Mwaka huohuo sheria iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine ya redio, Chakula ni Uhai, iliyoingiza majikoni somo la mlo kamili. Shuleni tulilikariri kwenye sayansikimu: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Kwa mara ya kwanza mama wa kijijini aliambiwa na redio ya taifa kwamba maharage yake, mboga zake za majani na karanga zake ni chakula cha thamani, si cha kuonea haya mbele ya nyama.

Somo hilo lilikuja wakati mgumu. Ukame wa 1973 na 1974 uliambatana na misukosuko ya kuhamishiwa vijijini, na ghala la taifa likakauka. Serikali ikaagiza nafaka kutoka nje na kutangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Ndipo mahindi ya njano kutoka Marekani yalipoenea. Unga wake watu waliuita yanga, kwa rangi ya timu ya Jangwani. Shuleni na kliniki kulikuwa na ngano ya msaada iitwayo bulga, na maziwa ya unga. Wengi walikula yanga kwa kununa, wakiiona alama ya shida. Lakini mahindi ya njano yana asili ya vitamini A ambayo mahindi meupe hayana. Tulikidharau chakula kwa sababu ya siku tulizokila.

Dona ilipatwa na mkasa huohuo. Kwa kuwa ndiyo iliyoliwa jeshini, magerezani na kwenye shule za bweni, aliyepata kazi na kipato alitaka kuiacha. Sembe, yaani unga uliokobolewa, ikawa alama ya kwamba umetoka. Wafanyabiashara nao waliipenda kwa sababu zao: kiini cha hindi kina mafuta, na mafuta hayo huharibika, hivyo dona haikai muda mrefu dukani. Sembe hukaa. Hivyo sehemu ya punje yenye mafuta mazuri, vitamini B na nyuzinyuzi ikawa pumba ya nguruwe na kuku, na mtoto wa nyumba ileile akabakiziwa wanga mtupu.

Mzani chini ya mti

Hapa historia yetu inafika mahali pa kujivunia. Mwishoni mwa 1983, serikali ilianzisha Mpango wa Lishe wa Iringa kwa ushirikiano wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Ulianza na vijiji 168 vya mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha hata Njombe, Makete na Ludewa, na baadaye ukapanuliwa kwenye vijiji vingine.

Hali iliyokutwa ilishangaza. Iringa ilikuwa miongoni mwa mikoa minne iliyotegemewa kuilisha nchi mahindi, lakini vipimo vya mwanzo vilionyesha kwamba takriban 56% ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa na uzito pungufu, na zaidi ya 6% walikuwa katika hali mbaya kabisa. Ghala lilijaa na mtoto amekonda. Mzazi hakuuona ugonjwa kwa sababu watoto wengi walifanana.

Siku ya kupima ilitangazwa mapema na wajumbe wa nyumba kumi. Mzani wa saa ulitundikwa kwenye tawi au kwenye boriti ya ofisi ya kijiji. Mama alimvisha mwanawe bukta ya turubai yenye mikanda, akamtundika kwenye ndoano. Mtoto akapiga kelele, miguu ikachezacheza hewani, mshale ukayumba kisha ukatulia. Mhudumu wa afya wa kijiji, kijana wa palepale aliyefundishwa kazi hiyo, akasoma kilo, akaweka nukta kwenye kadi na kuiunganisha na nukta ya mara iliyopita. Kadi ilikuwa na njia tatu: kijani kwa anayekua vizuri, kijivu kwa aliyeanza kurudi nyuma, nyekundu kwa aliye hatarini. Mama asiyejua kusoma aliielewa kadi ile. Baba aliyesimama pembeni aliielewa pia, naye hakuweza kusema hakuambiwa.

Kilichofuata ndicho kilichoutofautisha mpango huu na mingi mingine. Matokeo yalipelekwa kwenye serikali ya kijiji, yakajadiliwa kama yanavyojadiliwa mazao na michango. Kwa nini nyumba hii ina mtoto kwenye nyekundu? Je, mama anashinda shambani tangu alfajiri, na mtoto anaachiwa dada wa miaka saba? Je, anakula mara mbili tu kwa siku? Je, ameugua surua, malaria au kuhara? Kijiji kilipima, kikachambua sababu, kikachukua hatua, kisha kikapima tena. Hatua zilikuwa za uwezo wao: vituo vya kulelea na kulisha watoto wakati wa msimu wa kilimo, shamba la kijiji la kuvilisha vituo hivyo, chanjo, kumpunguzia mama mzigo, na kumlisha mtoto mara nyingi zaidi.

Uji nao ukabadilika. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mzito humshibisha kabla hajapata nguvu ya kutosha. Ukiuongeza maji unakuwa mwepesi lakini hauna kitu. Jibu lilikuwa kimea, ambacho bibi zetu walikijua siku zote kwenye pombe. Ulezi uliloweshwa, ukaoteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Kijiko cha unga huo kikitiwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo, uji unalainika papo hapo, kwa sababu kimea huvunja wanga. Hivyo mama aliweza kutia unga mwingi zaidi na mtoto akaumeza bila shida.

Kufikia 1988, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji vya mwanzo walikuwa wameshuka hadi 38%, na walio katika hali mbaya walikuwa chini ya 2%. Yote haya yalitokea wakati uchumi wa nchi ukiwa taabani, sukari na sabuni zikitafutwa kwa foleni. Mwaka 1990 UNICEF ilipoandika mkakati wake wa lishe kwa dunia nzima, mchoro wake wa sababu za utapiamlo, unaotaja chakula, matunzo na afya kwa pamoja, ulitokana kwa sehemu kubwa na uzoefu huu wa Iringa. Wanafunzi wa lishe wanausoma mpaka leo katika vyuo vikuu vya nchi nyingi. Kumbuka miaka yenyewe: ndiyo ileile ambayo video za Jane Fonda zilikuwa zikiwasaidia Wamarekani kupungua. Sisi tulikuwa tunahesabu kila gramu iliyoongezeka.

Banda la video na vyuma vya saruji

Vijana walikuwa na mitindo yao. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, kwa hiyo kilichofika kwanza katika miji midogo kama Igowole kilikuwa kanda ya video. Jenereta likinguruma, banda lilijaa. Bruce Lee, aliyefariki 1973, aliishi upya katika mabanda hayo kwa miaka zaidi ya ishirini. Baada yake wakaja Rambo na Commando.

Kesho yake filamu ilihamia uwanjani. Vijana walipigana mateke ya hewani, wakafunga vitambaa vichwani, wakaunganisha vipande viwili vya mti kwa mnyororo na kujifunza kuvizungusha bila kujipiga kisogo. Waliotaka misuli walitengeneza vyuma vyao. Makopo mawili ya rangi au ya maziwa yalijazwa zege, bomba la chuma likasimikwa kati yake, likaachwa likauke. Nyuma ya nyumba yoyote yenye kijana, ungeweza kukuta kifaa hicho kimelala kwenye nyasi. Tizi lilipigwa jioni kwa zamu: mmoja ananyanyua, wenzake wanahesabu. Walikula mayai mabichi wakidhani ndiyo siri ya mwili wa sinema. Hilo halikuwa salama, lakini bidii yao ilikuwa ya kweli, na wengi waliepushwa na vilabu vya pombe kwa sababu ya makopo yale ya saruji.

Hofu ya kukonda

Kwa kizazi cha wazazi wetu, mwili mnene ulikuwa ushahidi. Kitambi cha mwanamume kilisema ana kazi na ana nyumba. Mke aliyenenepa baada ya harusi aliipa sifa familia ya mume.

Kisha ukaja ukimwi. Iringa iliumia kuliko mikoa mingi: utafiti wa kitaifa wa 2007/08 ulikuta maambukizi ya 15.7% kwa watu wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.7%. Mwili wa mtu ukageuka taarifa inayosomwa na majirani. Aliyepungua kilo kwa malaria, kwa msiba au kwa mawazo tu alinyooshewa vidole. Mwembamba wa kuzaliwa alijieleza bila kuulizwa. Katika miaka hiyo nani angeanzisha mtindo wa kujikondesha? Dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure mwishoni mwa 2004, watu walirudisha miili yao, na furaha ya kumwona jirani amenenepa tena ilikuwa furaha halali kabisa.

Lakini hofu hiyo ilifungua soko. Vidonge vya kunenepesha vikauzwa kwa siri, na baadaye dawa zilizoitwa za Kichina za kukuza makalio na mapaja. Mamlaka za afya zilionya mara kwa mara. Mabinti walizinunua bila kujua kilichomo ndani, na baadhi walilipa kwa afya zao.

Kikombe, chai na nyungu

Mwaka 2011 nchi ilisimama kwa ajili ya Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila aliwapa watu kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500, akisema kinatibu kisukari, presha, kansa na ukimwi. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi. Wapo walioacha dawa zao za hospitali wakaenda, na wapo waliofia njiani. Msururu ule ulionyesha jambo ambalo takwimu zilikuwa hazijatangaza: magonjwa tuliyoyaita ya matajiri yalikuwa yameshafika kwetu. Mwaka uliofuata utafiti wa kitaifa ulikuta 26% ya watu wazima wana uzito uliozidi, idadi kama hiyo wana shinikizo la juu la damu, na 9% wana kisukari.

Sababu zake zilikuwa machoni petu. Bodaboda zilifuta safari za miguu. Soda na chipsi vilihamia barabarani. Mafuta ya kupikia yalianza kupimwa kwenye vifuko vidogo hata kijiji cha mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule, UMISHUMTA na UMISSETA, yalisimamishwa kwa muda, na katika shule nyingi mchakamchaka ulikufa polepole, saa yake ikachukuliwa na masomo ya ziada. JKT kwa mujibu wa sheria ilikuwa imesitishwa mwaka 1994, na haikurudi mpaka 2013.

Katika nafasi iliyoachwa wazi wakaingia wauzaji. Majani ya mlonge, unga wa ubuyu, chai ya kupunguza tumbo, maji ya moto yenye limau na tangawizi, mbegu za chia. Simu zilipoenea, makundi ya mtandaoni yakafundisha kuacha ugali, wali na viazi kabisa, bila kujua kwamba ushauri huo ni wa Banting wa 1863. Mwaka 2020, korona ilipotisha, kila nyumba ilipiga nyungu, blanketi juu na sufuria ya majani chini. Mimi siwacheki waliofanya hayo. Mtu anayeogopa ugonjwa na asiye na mahali pa kuuliza hushika kilicho karibu. Kinachonisikitisha ni kwamba kila mmoja aliachwa ashike peke yake, kwa pesa yake, ilhali miaka thelathini kabla kijiji kizima kilikaa chini ya mti na kujadili mtoto mmoja.

Yapo mazuri ya siku hizi. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Zanzibar huanza mwaka kwa siku ya mazoezi kila Januari 1. Mbeya ina mbio zake za Tulia Marathon zinazokusanya maelfu ya wakimbiaji. Parachichi, ambalo zamani lilioza chini ya mti, sasa ni mali Mufindi, Njombe na Rungwe. Dona iliyodharauliwa inauzwa mjini kwa bei ya heshima.

Tulichokipoteza kinaweza kurudi

Na sasa tuseme lisilopendeza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa 56.9% ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa walikuwa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Njombe ilikuwa na 50.4%, na wastani wa taifa ulikuwa 30%. Kudumaa ni kipimo cha urefu, na kile cha miaka ya 1980 kilikuwa cha uzito, kwa hiyo takwimu hizi hazilinganishwi moja kwa moja. Lakini maana yake kwa mzazi ni ileile: mkoa wenye mahindi, maharage, viazi, maziwa na parachichi unalea watoto waliozuiwa kukua. Nyumba hiyohiyo inaweza kuwa na baba mwenye presha, mama mwenye kisukari na mtoto aliyedumaa, wote wakila kutoka sufuria moja ya sembe.

Nikiipanga mitindo hii yote mstari mmoja, naona wazi ipi ilifaa. Mchakamchaka, vikundi vya redio, siku ya mzani na kimea vilifanywa na watu wote pamoja, havikumtenga maskini, na vilitumia vilivyopo. Vidonge, vikombe na chai viliuzwa kwa mtu mmoja mmoja mwenye hofu. Vya kwanza vilidhoofika, baadhi kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua na sisi tukaona kazi ni yao. Vya pili vitaendelea kuja kwa majina mapya, maana hofu haiishi.

Hakuna sheria mpya inayohitajika kuvirudisha. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kuiweka taarifa ya watoto waliopimwa iwe ajenda ya kwanza ya mkutano, kabla ya michango. Mwalimu mkuu anaweza kurudisha robo saa ya mchakamchaka kesho asubuhi. Mwenye mashine anaweza kumuuliza mteja kama kweli anataka kukoboa, na mteja anaweza kuchambua mahindi yake vizuri, akaondoa yaliyooza na yenye ukungu, akasaga dona. Baba anaweza kuhakikisha yai na maziwa ya nyumbani vinaanzia kwa mtoto kabla ya kwenda sokoni. Vijana wanaweza kukimbia kutoka Igowole hadi Nyololo Jumamosi moja kwa mwezi, bila kusubiri fulana za mdhamini. Wazee waliofanya haya wangali hai. Tuwaulize walivyofanya, kisha tuanze.